Vidonge vya Shavuni

Baba alichapwa fimbo kwa sababu ya kidonge kimoja cheupe. Alikuwa akichimba madini Walikale, na kambini kwao kuhara damu kulikuwa kumewashika watu. Kila asubuhi wagonjwa walipangwa mstari, wakatiwa kidonge mdomoni, kapita, msimamizi wa wachimbaji, akawabana taya wameze. Baba alimeza siku mbili tu. Damu ilipokatika, akaanza kuvificha vidonge shavuni, akavianika, akavifunga kitambaani atuletee sisi watoto wake nyumbani Masisi. Kapita alipomgundua, walimlaza chini wakamchapa mpaka ngozi ya mgongo ikachanika. Bado alifika nyumbani na kitambaa chake.

Mtu kama huyo utamlaumu vipi? Mimi, binti yake mkubwa, namlaumu hadi leo.

Mama aliamini haba na haba hujaza kibaba. Alivikata vidonge kwa kisu cha mihogo. Tumbo likiuma, unapewa kipande. Damu ikikauka, basi, vingine vinawekwa akiba. Majirani wa kilima kizima walikuja kuomba, na hakunyimwa mtu. Misimu miwili ya maharage vilitusaidia.

Kisha mdogo wangu, kitindamimba, akaanza kuhara damu. Akapewa kipande, kisha kizima, kisha viwili. Damu ikazidi. Baba, aliyekuwa amerudi tena na vidonge vingine, akasema safari hii kambini walimpa chokaa. Akambeba mtoto hadi zahanati, mama na mimi tukimkimbilia nyuma. Akamkaba muuguzi koo, akambamiza ukutani.

"Leta dawa ya kweli, ao nitakuua."

Muuguzi, damu ikimtoka puani, akafungua chupa yake. Vilikuwa vidonge vilevile.

"Papa, dawa iko ileile. Mulikula kidogo kidogo, mukaacha. Sasa ugonjwa umeizoea, na mulima muzima iko hivyo. Ingine haiko."

Baba akampiga tena. Alimpiga mpaka polisi wakaja kumtoa kwa vitako vya bunduki, mtoto akiwa amelala kwenye benchi, akitazama. Mtoto alikufa kabla jua halijazama.

Tulimzika mtoto, baba akiwa gerezani. Wiki iliyofuata tumbo likanishika mimi, na asubuhi nikaona damu. Mama alikuwa ameyasikia maneno ya muuguzi kama nilivyoyasikia. Akafungua kitambaa, akachukua kisu, akakata kipande. Hatukuwa na kitu kingine. Nikafungua mdomo.