Neno la Mama Nililolicheka

Ashukuriwe Mungu, aliyeniacha nizeeke hata nikapata muda wa kujuta.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, wakati wa utawala wa Mwingereza, nilipokuwa mwalimu wa dini katika misheni moja nje ya Tabora. Mama yangu mzazi alikuwa darasani kwangu, akijiandaa kubatizwa. Nilimuuliza mbele ya wenzake, "Kutubu ni nini?" Nilitaka anijibu kwa Kiswahili cha kitabuni: kubadilika moyo. Yeye akajibu kwa Kinyamwezi, kwa neno wanalotumia wakulima wetu wanapopasua tuta la mwaka jana, magugu yakafukiwa chini, na palipokuwa mtaro pakainuka tuta jipya.

Nikacheka. "Mama, hapa ni kanisani, si shambani! Jifunze kwanza kusema vizuri, utabatizwa Pasaka ya mwakani." Darasa zima likamcheka. Mama akajifunga kanga yake, akatoka.

Mchungaji wetu, Mskoti mzee, alikuwa mlangoni. Akaniita kando.

"Kijana, wazee wa kwetu walikuwa na neno, transmew. Ni kugeuza kitu kikawa kingine. Lilitoka Ufaransa, kama 'badili' lilivyofika huku na misafara ya kutoka pwani, nasi tukalifanya letu. Baadaye wasomi wetu wakaionea haya lugha ya mama zao. Leo nalikuta katika vitabu vya kale tu. Sijapata kulisikia kinywani mwa mtu. La mama yako lingali hai, nawe unalizika mbele ya watu? Kamwite. Atabatizwa pamoja na wenzake."

Nikaenda nyumbani mbio. Nilimkuta mama uani akipepeta mtama, nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Mchungaji anasema utabatizwa pamoja na wenzako."

Siku zote aliniita baba. Siku ile hakuinua macho.

"Marahaba, mwalimu. Nikiulizwa tena, niseme kwa neno gani?"

Alibatizwa, akanisamehe kwa kinywa chake. Lakini mpaka anafariki, kila nilipoingia alipokuwa akisali, alishusha sauti.

Mwanangu, soma kadiri Mungu atakavyokujalia, ila usimfanye mzazi wako aogope kusema mbele yako. Mungu alikuwa akimsikia hata kabla wewe hujazaliwa.

Bwana akubariki wewe unayesoma haya, na akujalie kuzisikia sala za wazazi wako zikisaliwa kwa sauti kamili.