Kaburi Tulilolifagia Kivinje

Mwezi uliopita mtendaji wa mtaa alinipigia simu kutoka Kilwa Kivinje. Wapima viwanja walikuwa wamefika nyuma ya maduka ya zamani, penye makaburi ya Wahindi wa kwanza waliokuja kufungua biashara mjini kwetu. Kaburi ambalo halitaonyeshwa na mtu litaingia kwenye kiwanja.

"Mama, tumeuliza kote," alisema. "Umebaki wewe."

Basi nikaondoka Lindi, peke yangu.

Utotoni nilikwenda pale na bibi kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, nimebeba kopo la maji na ufagio wa chelewa. Jirani yetu mwenye duka, Mhindi Mwislamu, alikuwa amemzika mwanawe mchanga pale. Miaka mingi mkewe alileta sambusa kwetu, na bibi alipeleka mkate wa kumimina kwao. Walipohamia Dar es Salaam, mama yule alikuja kuaga. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikamsikia akisema, "Dada, mwanangu namwacha kwako."

"Nenda salama," bibi alimjibu. "Mimi nipo."

Na kweli alikuwepo. Alifagia, akang'oa magugu, akaumwagilia mrehani ulioota pale, akasoma Fatiha. Mimi nilikalia kaburi kubwa la jirani nikitafuna visheti.

"Shuka hapo! Huyo naye ana mama yake," alinikaripia. Nilishuka. Akigeuka, nilipanda tena.

Bibi alipofariki, nililifagia lile la mtoto kwa mwaka mmoja hivi. Kisha nikaolewa, nikahama. Sikumwachia mtu kazi ile.

Safari hii nilikuta vichaka vimefika kifuani. Mawe mengi yalikuwa yameng'olewa, watu wamejengea misingi ya nyumba. Mpimaji, dada wa makamo aliyevaa buti, alinipokea.

"Shikamoo mama. Makaburi ni mangapi hapa?"

"Marahaba. Yalikuwa mengi."

Tulifyeka hadi tukalipata lile dogo, limezama nusu ardhini. Akapigilia vigingi vinne.

"Na mengine?"

Nilizunguka mpaka jua likawa kali. Hata lile kubwa nililokuwa nikilikalia sikuliona. Nililijua kwa kulikalia tu. Sikuwahi kuuliza ni la nani.

Akafungua daftari. "Jina la marehemu?"

Alhamisi zote zile, sikumuuliza bibi hata mara moja.

"Ni mtoto wa jirani yetu," nilisema.

Aliniangalia kidogo, kisha akaandika hivyo hivyo.

Nilibaki nimesimama pale baada ya wapimaji kukunja kamba zao na kuondoka. Niliwafikiria waliokuja kabla mji haujawa mji, wakafungua maduka, wakaozesha watoto wao, wakazeeka hapa. Katika wote hao, anayetambuliwa Kivinje leo ni mmoja tu, ambaye hakuwahi hata kujifunza kutembea.