Somo, Nimempata Paa

Kosa tunalofanya wengi ni kuona jina kwenye simu tukaamini kwamba anayepiga ndiye mwenye jina. Jana asubuhi niliona jina la somo yangu, nikapokea na kusema kwa furaha, bila hata salamu: "Paa Aliyekataa Kukimbia!"

Upande wa pili nikasikia sauti ya binti yake, Hilda. "Shikamoo, mama mkubwa. Mama ametutoka."

Nikaitika marahaba. Kinywa kilijibu kwa mazoea. Akili ilikuwa bado haijafika.

Mpaka sasa haijafika. Nimekaa hapa Mkuza na simu mkononi, na kila ikilia nadhani ni yeye anapiga kunisahihisha.

Ngoja niwaeleze ninyi msiomjua, maana nikieleza napata kupumua.

Yeye ni Magdalena, na mimi ni Magdalena. Tulikutana Kisarawe miaka ya sabini, kwenye semina ya walimu wa kisomo cha watu wazima. Msimamizi alisoma jina, tukaitika wawili: "Abee!" Ukumbi ukacheka. Tangu siku ile hatukuitana tena kwa majina. Somo, basi.

Mimi nilitokea Kibaha, yeye alikuwa akifundisha Kibuta. Kazi yetu ilikuwa kuwasomesha wazee wa vijiji vya ujamaa, ambao walikuwa wanatoka shambani mikono ina udongo na kushika kalamu kama mpini.

Lori la vitabu lilichelewa, kama kawaida yake. Tukakaa barazani kulisubiri, na ndipo somo akaanzisha mchezo.

Unataja jina la kitabu. Mwenzako anachukua neno la mwisho na kutaja kitabu kingine kinachoanza na neno hilohilo. Sharti ni moja: kitabu uwe umekishika kwa mkono wako. Cha kubuni hakikubaliwi.

Mimi nilikuwa mkali mchezoni. Nilitafuta maneno magumu ya kumkwamisha mtu. Somo hakuwa hivyo.

Jumamosi moja nilimtembelea darasani kwake Kibuta. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja, Mama Hidaya, aliyekaa karibu na mlango na hakuwa amefungua kinywa tangu darasa lianzishwe.

Wakacheza mchezo wetu kuzunguka darasa. Zamu ya somo ilipofika akataja "Mikono Bila Jembe," kisha akamtazama Mama Hidaya na kusubiri. Mimi sikuelewa anasubiri nini.

Mama Hidaya akainamisha kichwa, halafu akasema polepole: "Jembe Langu la Kwanza." Ndicho kitabu pekee alichokuwa amekimaliza maishani mwake. Somo alikuwa anakijua, akamtengenezea njia ya kukifikia.

Wiki iliyofuata Mama Hidaya alikaa mbele.

Nilimwambia somo kwamba ule si ushindani. Akanijibu, "Ukimfungia mtu njia, atakwenda kwake. Wewe utabaki unacheza na nani?"

Tuligombana kweli mara moja tu, palepale barazani Kisarawe. Nilitaja "Usilipulize Kaa." Akadakia: "Kaa Hutembea Upande."

Nikakataa. Kaa la moto ni ngeli nyingine, kaa wa pwani ni ngeli nyingine. Utasemaje ni neno moja? Yeye akasema yanasikika sawa, basi ni sawa. Tukapiga kura na walimu wote, mimi nikashinda.

Akacheka, akanipangusa vumbi begani. "Somo, wewe unasikiliza sarufi. Mimi nasikiliza sikio." Hakulirudia jambo hilo tena.

Tukaolewa, tukahamishwa vituo, tukazaa, tukastaafu. Mchezo haukufa. Tuliuendeleza kwa salamu tulizotuma na watu, baadaye kwa simu.

Wiki kadhaa zilizopita alinipigia akaniachia "Mvua Haiulizi Paa."

Nikatafuta kitabu kinachoanza na paa la nyumba. Nilipekua kabati langu, nikauliza walimu wenzangu wastaafu. Hakuna. Nikasema, ama kweli, uzeeni somo naye amejifunza kufunga njia.

Juzi baada ya ibada ya jioni nikawa napanga kabati la vitabu vya watoto pale usharikani. Nikashika kijitabu chembamba chenye picha ya mnyama. "Paa Aliyekataa Kukimbia."

Nikacheka peke yangu mpaka mzee wa kanisa akachungulia. Paa wa porini! Ugomvi wetu wa kaa, ameuzungusha miaka yote hiyo na kuniletea mlangoni. Hakuwa amenifungia. Alikuwa amenisubiri, kama alivyomsubiri Mama Hidaya.

Usiku ulikuwa umeingia, nikasema nitampigia kesho.

Kesho hiyo ndiyo aliyopiga Hilda.

Nikamweleza binti kwa nini nilimpokea kwa jina la kitabu. Akalia, kisha akacheka katikati ya kilio. Akasema juzi mama yake alikuwa anachambua mchicha, mzima kabisa, akawa anatabasamu mwenyewe. Alipoulizwa, akasema: "Somo anahangaika na mapaa ya nyumba, na paa mwenyewe yuko porini anakula majani."

Basi alijua kwamba ningefika. Alichokosa ni kunisikia nimefika.

Tunamzika kesho Kisarawe. Kijitabu nimekiazima usharikani, nitakwenda nacho ili atakayeuliza aone kwamba nilikishika kwa mkono wangu.

Somo yangu, nakubali: kaa ni kaa, na paa ni paa. Sikio lako lilikuwa sahihi, na kura ile naifuta.

Lala salama.

Neno la mwisho ni *salama*. Zamu yako, somo. Nami sasa nitajifunza kusubiri kama wewe.

Na wewe unayesoma hapa: kama kuna mtu anasubiri jibu lako, mpigie leo.