Filamu Iliyokufa Juani

Jana fundi wangu alikuwa anaosha injini ya lori kwa mafuta ya taa kabla haijapoa. Ule moshi uliponifikia puani nilisahau kabisa nilichokuwa nikimkaripia. Nilisimama tu katikati ya uwanja, mdomo wazi. Akaniuliza, "Mama, uko sawa?" Hakuwa akijua kwamba moshi ule ndio hutoka nyuma ya ndege ya vita inapopita chini, na kwamba mimi nilikuwa nimerudi Kitengela, mtoto wa miguu mitupu, niko na fimbo ya mbuzi mkononi.

Wanaonijua wanajua sina ufundi wa kulainisha maneno. Shule niliiachia darasa la nne. Haya malori yanayobeba kokoto mpaka Mashuuru hakuna mtu aliyenipa, nimeyatafuta mwenyewe, na anayetaka kubishana aje asubuhi tubebe mawe pamoja. Lakini kuna jambo nililiona miaka ya tisini likanifunga mdomo, mimi nisiyefungika mdomo, na leo nimeona niwaambie nyinyi.

Kitengela mnayoijua sasa, ya maghorofa na mabango ya ploti, haikuwako. Ilikuwa nyasi, miiba, na upepo wa kupasua midomo. Pundamilia walichanganyika na mbuzi wetu kama jamaa waliokuja kukaa. Sisi Wakamba tuliishi kwenye vyumba vya mabati karibu na machimbo, ambako baba alikuwa akivunja mawe. Ng'ambo ya nyika kulikuwa na seng'enge ya wanajeshi, na nyuma ya seng'enge uwanja wao wa ndege. Kulikuwa na bango pale, lakini mbuzi walikuwa wamejikuna juu yake mpaka maandishi yakaisha. Siwezi kuwaambia lilisema nini. Mnaweza kukisia.

Mjomba wangu Musyoka, mdogo wake mama, alikuwa mpiga picha. Hakuwa na studio. Alikuwa na kamera, baiskeli, na koti moja la kuazima. Alizipenda ndege vile watu wengine wanavyopenda pombe. Aliweza kuacha ugali sahani imejaa akatoka nje kutazama helikopta. Basi akaona, kwa nini asile kwa hicho anachokipenda? Akaanza kuwapiga watu picha wakiwa juu ya kilima kilichokuwa karibu na seng'enge, ndege ikipita nyuma yao. Jumapili baada ya kanisa ungeona foleni: mafundi wa mjengo, wasichana wa viwandani, makarani kutoka Magharibi waliopanga nyumba za huku. Kila mmoja alivaa lile koti kwa zamu, awe mnene au mwembamba. Picha ilitumwa nyumbani, na kule kijijini watu wakaamini mtoto wao anashinda na marubani.

"Nyoosha kiganja juu, bwana karani," mjomba alikuwa akisema. "Usitikisike. Nataka ndege itue hapo."

Karani mmoja alinyoosha mkono hadi ukamfa ganzi, na picha iliporudi ndege ilikuwa imemtua kichwani. Alikasirika mpaka akakataa kuichukua. Baadaye mkewe alikuja kuichukua kwa siri.

Kazi yangu ilikuwa kutoa habari. Ndege za vita zina tabia mbaya: unaiona kwanza, sauti inakuja ikiwa imeshapita. Lakini mbuzi hawadanganyiki. Walikuwa wakiacha kutafuna, wote kwa pamoja, masikio mbele. Nikiona hivyo napiga kelele, "Inakuja!" na mjomba anainua kamera. Nilijiona mtu mkubwa sana. Hata rubani, nilifikiri, ananitegemea.

Mama yangu, ambaye nilimwita Mwaitu kama Mkamba yeyote anavyomwita mamake, hakuwahi kupanda kile kilima. Hakupenda picha, hakupenda ndege, na zaidi ya hayo hakupenda kuulizwa habari za kwao. Hakuwa amekanyaga kwa mama yake tangu alipomfuata baba bila mahari kutolewa. Mimi susu, yaani nyanya yangu huyo, sikuwa nikimjua hata kwa sura. Mjomba ndiye alikuwa akienda na kurudi, na akirudi Mwaitu anamuuliza jambo moja tu: "Mvua imenyesha huko?"

Kisha akazaliwa mdogo wangu. Mimi nilipewa jina la mama yake baba, kama desturi inavyotaka, na binti wa pili lazima awe wa upande wa mama. Kwa hivyo akaitwa Kalondu, jina la susu. Hapo hata mtu mgumu analegea. Mtu hawezi kuwa na jina lake likitembea duniani na hajaliona. Mjomba akamwambia Mwaitu, "Dada, macho ya mama yanaingia ukungu. Usiponipa picha ya mtoto sasa, baadaye utanipa ya nini?"

Jumapili akatoka amevaa gauni la buluu na leso mbili juu yake, mtoto mgongoni, akasema, "Twende kabla sijabadilisha nia."

Alisimama kilimani kama mtu anayengoja hukumu. Mjomba akamwambia acheke, akamjibu, "Piga hivyo hivyo, ananijua." Mbuzi wakaacha kutafuna. Nikapiga kelele. Ile ndege siku hiyo ilipita chini kuliko nilivyowahi kuiona, kitambaa cha kichwa cha Mwaitu kikaruka, Kalondu akalia, moshi wa mafuta ukatujaa kooni, na katikati ya hayo yote nikasikia kamera ikilia. Mjomba akaruka juu. "Nimewapata! Wote, hata ndege!"

Hatukumaliza hata kufurahi. Vumbi likatoka upande wa lango la wanajeshi, na ndani ya vumbi kuna gari. Foleni yote ikatawanyika. Aliyekuwa amevaa koti alikimbia nalo, na mpaka leo hatujaliona. Tulibaki sisi tu, kwa sababu mjomba alikuwa bado anafunga baiskeli na Mwaitu hakuwa mtu wa kukimbia.

Walishuka watatu. Mkubwa wao alikuwa mtulivu, na utulivu wake ndio ulinitisha.

"Nani amekutuma kupiga picha ndege za serikali?"

"Hakuna, afande. Mimi napiga watu. Ndege ndizo zinapita."

"Ndege ndizo zinapita?" Akawageukia wenzake. "Mmesikia huyu?"

Akanyang'anya kamera, akaifungua mgongo, akaivuta filamu nje kama unavyovuta utumbo wa mbuzi aliyechinjwa. Ilitoka ndefu, ya kahawia, ikimeremeta juani. Mjomba alitoa sauti ambayo sikuwahi kusikia mtu mzima akitoa. Mimi nilidhani zile picha zimemwagika, kwa hivyo nikapiga magoti kwenye nyasi kuutafuta uso wa mama yangu. Nilipapasa kabisa, wenzangu, kama mtu aliyeangusha sindano.

Kisha wakamshika mjomba shingoni wakampeleka kwenye gari. Siku zile mtu akiingizwa kwenye gari la namna hiyo, watu wa kwao walianza kuongea polepole nyumbani, kama kuna mgonjwa. Hata mimi mtoto nilijua.

Mwaitu akanipa Kalondu. Akatembea, hakukimbia, akasimama kati ya mjomba na mlango wa gari.

"Mama, toka njiani."

"Huyu tumenyonya titi moja."

"Nimesema toka."

"Na wewe," Mwaitu akasema, "mamako yuko hai?"

Mwanajeshi akashika mlango wa gari.

"Nimekuuliza, kijana. Aliyekuzaa yuko hai?"

Hapo ndipo mkono wa Mwaitu ulipokwenda kwenye fundo la leso. Akalifungua. Leso ya juu ikaanguka, upepo ukaichukua. Mkono ukaenda kwenye fundo la pili, taratibu, macho yake yakiwa bado kwenye uso wa yule mtu. Leso ya pili nayo ikaanguka. Kisha vidole vikafika kwenye kifungo cha gauni, hapa shingoni.

Sijui wale wanaume walikuwa wa kabila gani. Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji lugha katika nchi hii. Mwanamke mzima akikuvulia nguo mbele yako kwa makusudi, anakuita mwanawe halafu anakukana, na laana hiyo hakuna mzee wa kuitoa. Yule kijana kuliko wote alikuwa amegeuka zamani, ameziba uso kwa kofia. "Mkubwa, tumwache," akasema. "Tafadhali. Mimi mama yangu ni mgonjwa. Sitaki kuona."

Yule mkubwa alitazama vidole vya Mwaitu kwa muda. Akamwachilia mjomba. Kamera aliitupa nyasini, mlango wake ukining'inia, wakaondoka bila hata kutukana.

Na mimi? Nilitamani ardhi inimeze. Sikuona ushujaa wowote, msinidhanie. Niliona mama yangu, anayenichapa nikikaa vibaya, anataka kuvua nguo mchana mbele ya wanaume. Nilifikiri amerukwa na akili. Tulirudi nyumbani mimi nikitembea mbele na mbuzi ili nisimtazame. Jioni mjomba alipomweleza baba, baba alivua kofia yake, akaishika mapajani. Mwaitu alikuwa ameketi kitandani akikunja nguo za mtoto.

Asubuhi alimkabidhi jirani mbuzi, akatuchukua mimi na Kalondu tukapanda basi la kwenda Ukambani. Mjomba alitaka kuja, akamkatalia. Njia nzima nilitazama dirishani.

Susu tulimkuta mlangoni akimenya mbaazi kwa vidole. Aliinua kichwa akauliza ni nani. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa. Ule haukuwa ukungu. Yalikuwa yamezima, na mjomba hakuwa na moyo wa kumwambia dada yake. Mwaitu alimweka mtoto kwenye mapaja ya mama yake na kusema, "Huyu ni Kalondu." Susu akamshika mtoto kichwa, masikio, vidole vya miguu. Kisha akanyoosha mkono hewani akitafuta, mpaka Mwaitu akapiga magoti akampa uso wake. Mbaazi zilimwagika zote na hakuna aliyeziokota.

Sikuelewa lolote hadi nilipokuwa na binti wangu mwenyewe, na Mwaitu akaona sasa ninaweza kuambiwa. Siku aliyotoroka na baba, susu alimzuia njiani akashika fundo la leso yake mwenyewe, kama anayetaka kuvua. Hakulifungua. Alilishika tu. Mwaitu akapita, na tangu hapo akaamini anatembea na laana. Mtoto wa kiume aliyenifuata mimi, kabla ya Kalondu, alipokufa, alijua moyoni ni kwa sababu gani. Ndiyo maana alitaka kutuma karatasi badala ya kwenda mwenyewe, na karatasi hiyo ingefika mikononi mwa mtu asiyeona.

Yule mwanajeshi sijamshukuru na sitamshukuru. Alifanya ubaya wake, na mjomba hakupiga picha tena. Aliishia kuuza makaa Kiserian, akisikia ndege anaingia ndani.

Lakini nilimuuliza Mwaitu, mbona uliamua kwenda kwa susu mara tu baada ya siku ile? Alikuwa akipepeta maharagwe, akaweka uteo chini.

"Kwa sababu nilishika fundo," akasema. "Miaka yote nilidhani mkono ukifika pale, ndani yake kuna chuki. Ukafika wangu, Mwende. Na yule mkubwa wa wanajeshi sikumchukia hata kidogo. Nilikuwa nimeishiwa tu na la kufanya. Ndipo nikajua siku ile njiani mama yangu naye alikuwa ameishiwa."