Mguu Uliopona Jumapili

Kocha wetu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo kwamba kupumzika ni sehemu ya mazoezi. Aliandika kwa Kiingereza, herufi kubwa kubwa, na hapo hapo chini yake ndipo alipokuwa akisimama kutugombeza sisi tuliotaka kupumzika. Hadi leo nikiona maneno mazuri yameandikwa ukutani, ofisini au popote, nashika mkoba wangu vizuri.

Nilikuwa winga wa kushoto katika timu ya wanawake ya chuo kimoja hapa Durban. Chuo kilinilipia masomo na chumba kwa sababu ya mpira, na ukitoka kwenye timu, vyote viwili vinatoka. Hilo nililijua mimi, kocha alilijua, na mama yangu alilijua kuliko sisi wote. Mama ana saluni Pinetown. Anasuka watu tangu tulipotoka Kongo, mimi nikiwa bado mgongoni. Zamani alikuwa akisema mpira utanipa miguu ya mwanaume, sasa nani ataoa miguu hiyo? Siku chuo kiliponichukua akageuka papo hapo. Akawa anawaambia wateja, kichwa cha mtu kiko mikononi mwake, "Huyu mtoto yangu anasoma na miguu." Wateja wanacheka, na yeye anakaza nywele kwa furaha mpaka mtu analia machozi.

Asubuhi kabla ya masomo, basi la chuo lilitushusha chini ya mlima wa Bluff, tukapanda tukikimbia na kushuka tukikimbia, kwenye lami, tena na tena. Jioni ilikuwa uwanjani, na wakati wa baridi uwanja ule hukauka ukawa mgumu kama sakafu. Jumatano ilikuwa siku ya kupumzika. Haya, sikia sasa siku ya kupumzika ya kocha wetu. "Si lazima kuja," alikuwa akisema, "lakini mimi nitakuwa gym, na nina macho." Basi tulikuwa gym sote, hata wenye homa. Mwenzetu mmoja aliwahi kulala Jumatano moja, Jumamosi akakaa benchi, wala hakuna aliyemweleza sababu. Sisi tulioona tulielewa.

Ugoko wangu wa kushoto ulianza kuuma taratibu. Mwanzoni uliuma nikimaliza kukimbia tu, baadaye nikipanda ngazi za bweni, mwishowe ukawa unauma hata nimelala. Nikaenda kwa fizio wa chuo, mtaalamu wa viungo, dada mmoja mpole, Mhindi wa hapa hapa Durban. Alibonyeza mfupa kwa kidole gumba, na mimi nikaruka karibu nianguke kitandani. Picha ya eksirei ilionyesha ufa mwembamba sana, kama wa kikombe ambacho bado unakinywea chai. Akanieleza polepole kwamba kukimbia kunauchosha mfupa, na ni ukipumzika ndipo unajijenga tena, na kwamba sisi tulikuwa tunauchosha kila siku bila kuupa nafasi ya kujijenga. Wiki sita bila kukimbia, akasema. Ukikimbia juu ya ufa huu, utavunjika kabisa. Alimwambia kocha maneno hayo hayo mbele yangu. Kocha alikunja mikono, akasema, "Sharp," yaani sawa, halafu akaniangalia kama mtu aliyemkuta mgeni wake anatoka na vijiko.

Nikapumzika. Nilienda darasani na kurudi kitandani, mguu juu ya mto, nikisikia wenzangu wanarudi kutoka mazoezini wakiburuza viatu. Nilikuwa na hofu kwamba nafasi yangu itachukuliwa, na huku najua mguu unapoa. Mwishoni mwa wiki ya pili niliamka, nikafika bafuni ndipo nikakumbuka kwamba nina mguu mbovu. Leo najua kilichofanya kazi ile. Ni kulala. Kulala kulifanya kazi yake kimya kimya na hakuna mtu aliyekusifu.

Maana Jumapili hiyo Mama alinipeleka kanisani.

Kanisa letu linakodi ukumbi mjini, ghorofani juu ya maduka ya simu. Ni kanisa la watu wa Kongo, na sisi hatusali kwa kunong'ona. Iko kinanda, iko gitaa mbili, iko akina mama wenye sauti zinazofika barabarani hadi kwenye robot, zile taa za magari. Mama alikuwa amefunga tangu Ijumaa kwa ajili yangu, yeye na kikundi chake cha maombi. Alikuwa amekonda usoni. Nisiseme uongo, niliguswa. Katika dunia yote, nani mwingine alikuwa ameacha kula kwa ajili ya ugoko wangu?

Pasta aliniita mbele. Akaweka mkono kichwani kwangu, akasema, "Adui alifunga mguu ya huyu binti juu ya wivu!" Watu wakaitikia. Akaomba, jasho linamtoka, kinanda kinapanda. Halafu akafanya jambo linalofanyika kwetu kila mara, ambalo ni lazima ulifanye ndipo watu wajue umepona. "Mwenye amepokea, aonyeshe!" Aliyeletwa hatembei anatembezwa mbele za watu. Aliyekuwa hainui mkono anainua. Na mimi mchezaji, nifanye nini? "Ruka!" akasema Pasta.

Nikaruka. Kidogo kwanza, naogopa. Hakuna maumivu. Nikaruka tena, nikatua kwa mguu wa kushoto peke yake. Hakuna kitu! Ayiii, jamani, ile furaha. Ukumbi ulilipuka. Akina mama wakavua vitenge wakavitandaza chini nikanyage juu yake, simu zikanyanyuliwa kila upande, na mimi nikacheza kutoka mimbari hadi mlangoni na kurudi, nikipiga sakafu kwa mguu uleule ambao fizio aliugusa kwa kidole nikaruka kwa uchungu. Mama alikuwa amepiga magoti, analia na kucheka. Sijawahi kupendwa na watu wengi hivyo kwa wakati mmoja, hata siku niliyofunga mabao mawili.

Fizio nilimpigia mwenyewe, Jumatatu asubuhi, kwa majivuno. Nikamwambia nimeponywa. Hakunicheka. Akasema, "Nimefurahi hauumi. Lakini bado wiki nne, na sidhani Mungu atakasirika ukizimaliza kitandani." Nikamhurumia. Nikajiambia, maskini, dada wa watu hana imani.

Kocha hakungoja nimwambie. Kipa wetu alikuwa anasukwa kwa Mama, ana namba yake, na Mama alikuwa ameweka video yangu kwenye status ya WhatsApp. Kipa ni dada wa Kizulu, hakuna neno hata moja la mahubiri alilolielewa. Alichoona ni mimi ninaruka, akaona ni habari njema, akampa kocha simu. Kocha akaitazama mara ya kwanza, akaitazama tena. "Eish!" akasema. "Unaruka hivi, na mimi hapa nalia sina winga wa kushoto?" Nikamwambia fizio amesema bado. "Fizio hachezi nusu fainali," akajibu. Mtu yule hakuamini uponyaji wala hakuamini ufa. Aliamini Jumamosi. Hakunirudisha kupigwa picha nyingine, ambayo ingechukua asubuhi moja tu. Kesho yake nilikuwa mlimani Bluff na wenzangu, na nilikimbia nikiimba.

Siku ya tatu ule uchungu ukarudi. Nilikuwa nashuka mlima, nikausikia mahali pake pale pale. Jioni nikampigia Mama. Nikasema, "Mama, mguu inaanza tena."

"Usiseme vile!" Alipiga kelele mpaka nikasikia mteja wake anauliza kuna nini. "Ukiitamka, unairudisha. Ile mguu ilipona, watu wote waliona. Kataa! Kataa na kinywa yako."

Nikakataa na kinywa changu. Nilijipaka mafuta ya maombi asubuhi na jioni, na nikihisi kisu kwenye mfupa nasema kwa sauti kwamba mimi ni mzima. Wenzangu walidhani ninajitia moyo kama wachezaji wa kwenye televisheni. Ningesemaje lingine? Kusema unauma ni kumvua Mama nguo mbele ya kanisa lote. Ilikuwa kusema kwamba alishinda njaa bure. Na mwisho wa wiki nilipokaza roho nikamwambia kocha, akanigonga begani. "Ni misuli imezoea kulala. Itaamka." Huku wananiambia nikisema nitaurudisha ugonjwa, huku wananiambia mimi mvivu. Watu wawili ambao hawajawahi kuonana, hawasali pamoja, hawali pamoja, na wakaelewana juu ya mguu wangu kuliko mume na mke.

Ilikuwa mazoezi tu, siku chache kabla ya nusu fainali. Hata mechi sikuifikia. Hakuna aliyenigusa. Nilikuwa nageuka kwenye koni, mpira uko mbali, na mfupa ukalia. Kipa aliusikia kutoka golini, akaja akikimbia, akanishika kichwa, anaomba msamaha kwa Kizulu, yeye ambaye hakuwa na kosa. Kocha alikuja akitembea.

Nilifanyiwa upasuaji, nikawekewa chuma. Kocha alifika hospitali mara moja, ameshika mfuko wa machungwa. "Pumzika," akaniambia. "Chukua muda wote unaohitaji." Haki ya Mungu, nilitamani kumtupia yale machungwa moja moja. Wiki nne hakuwa nazo. Sasa ananigawia muda kama mwenye duka la muda! Mwisho wa mwaka chumba changu kilipewa msichana mwingine, winga wa kushoto, na masomo yangu yakaishia hapo. Sikugombana na chuo. Walisema tangu siku ya kwanza kwamba wanalipia mchezaji, na mchezaji hakuwepo tena. Siku hizi nauza simu mjini, nasimama kutwa, na wakati wa baridi kile chuma kinanikumbusha kilipo.

Kwa kocha hasira yangu ni nyepesi. Namtukana nikiwa naosha vyombo, namaliza, nafungua maji mengine. Kwa Mama ndiko nilikokwama. Aliniuguza Pinetown miezi mingi. Alinibeba kwenda bafuni, yeye mwenye mgongo uliochoka kwa kusuka. Alifunga saluni siku za kliniki. Hakuna siku hata moja aliyonung'unika, na hakuna siku hata moja aliyosema kwamba nilimpigia simu ile jioni.

Siku moja mchana alikuwa ananiosha mguu. Jeraha lilikuwa limefunga, kovu refu, jekundu. Alilipitishia kitambaa taratibu sana. Nikaona nafasi. Nikasema, "Mama, nilikuambia inauma."

Hakuinua kichwa. Alikamua kitambaa, akakichovya tena. Nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa anatafuta neno ambalo halitaniumiza, na alilolipata lilikuwa hili. "Mtoto yangu, mimi sikulaumu. Mungu eko. Pengine weye mwenyewe haukuamini."

Alilisema kwa huruma. Alikuwa ananisamehe. Nikamtazama mama yangu, mikono yake iko ndani ya maji, magoti yake kwenye sementi, na hasira ikanipanda. Sikupiga kelele. Nilimwambia polepole, nikitaka alisikie lote.

"Niliamini, Mama. Ningekuwa sikuamini, ningebaki kitandani, na huu mguu ungekuwa mzima."