Binti wa Barabara ya Ziwani

Asubuhi ile nilikuwa studio kwangu Runzewe, nikimpiga picha za pasipoti mfanyabiashara wa mchele aliyegoma kuvua kofia. Mhariri wa gazeti ninalolipigia picha akapiga simu kutoka Dar es Salaam: mashariki mwa Kongo watu wameanza kukimbia tena, niende. Nilikwishakwenda mara tatu. Nikafunga studio na kumpigia mama kule Didia kumuaga. Hakunizuia. Aliniambia tu nisiwe nashinda njaa.

Dereva wangu huko Kongo aliitwa Yosefu, baba wa watoto wanne. Aliniita dada Kabula, ingawa alinizidi umri.

Siku ya pili tulisimama kwenye njia panda nje ya mji. Watu walipita na magodoro, mbuzi na masufuria. Nikampiga picha binti mmoja wa gauni la njano, peke yake katikati ya watu wazima, akishika barabara ya ziwani.

Ndipo bomu la kwanza likaanguka.

Tulipakia majeruhi watatu.

La pili lilitua karibu na gari. Sikio langu la kushoto likaziba. Mpaka leo halisikii.

Yosefu aliondoa gari. Kipande cha chuma kilikuwa kimemwingia ubavuni. Hakusema. Aliendesha hadi zahanati, akazima gari, akainamia usukani.

Alifariki kabla ya adhuhuri. Majeruhi wote watatu walipona.

Kesho yake nilikaa kwenye kambi ya wakimbizi bila hamu ya kushika kamera. Mwanamke mmoja, Mama Neema, akanijia. Alikuwa amepotezana na bintiye wakati wa kukimbia, akaomba aangalie picha zangu. Tukazipitia moja moja kwenye kioo cha kamera. Tulipofika kwenye gauni la njano, akanishika mkono.

"Huyu ni wangu. Hii ni barabara gani?"

Nikamwambia ni ya ziwani. Wahudumu wa kambi wakaituma picha ile upande huo, na siku ya nne Neema akashuka kwenye lori. Mama yake hakupiga kelele. Alimpapasa kichwa, mabega, mikono, kama anayehakikisha hajapungua kitu.

Kabla ya kurudi nilikwenda kwa mke wa Yosefu. Aliniuliza kama mumewe aliogopa. Nilimwambia ukweli: aliogopa, na hakusimamisha gari.

Nyumbani Didia nilimsimulia mama yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Picha imemrudisha mtoto," alisema. "Na dereva?"

"Hakurudi, mama."

Akaninawisha mikono kama mgeni, tukala.

Miaka imepita. Neema sasa anasomea uuguzi. Nimepiga picha za vita vingine, na sijawahi kujidanganya kwamba kupatikana kwake kulifidia kifo cha Yosefu. Watoto wanne walibaki bila baba. Mama mmoja alimpata binti yake. Yote mawili ni kweli, na kwa sababu ya hilo la pili bado nakwenda.