Pua ya Mkaanga Chai

Jirani yangu, mkaanga chai, hugeuza majani kwa viganja vitupu ndani ya sufuria la chuma lililoiva moto. Nyuki akimchoma pale, nyuki ndiye anayelia. Msimu wa kukaanga haonji kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili, wala kitunguu saumu, maana jani bichi hunywa kila harufu, na pua yake, naapa, humjua aliyekula kitunguu ng'ambo ya mto Seomjin. Hata mimi, ninayemfikichia majani mkekani, lazima nimpumulie usoni kila asubuhi kabla sijakaa. Juzi mwanawe, Byeong-ho, alimleta bwana anayetaka kununua mteremko wao wote, ang'oe michai, ajenge hoteli. Bwana alinukia kama harusi tatu.

“Toka!” jirani alifoka bila kuinua kichwa.

“Mama, huyu ndiye mnunuzi!”

“Hata awe mfalme! Majani yangu yako motoni. Akaoge mtoni kwanza, ndipo tuzungumze.”

Akaenda kweli, maskini, kwenye maji ya theluji iliyoyeyuka, akarudi meno yakigongana. Jirani alimnusa shingo, akamnusa makwapa, nami nikauma kitambaa nisicheke. Kisha akammiminia chai ya kwanza ya msimu, akangoja aimalize.

“Tamu?”

“Tamu sana, bibi.”

“Basi ndiyo maana siuzi.” Akarudisha mikono sufuriani. “Byeong-ho, msindikize mgeni. Na wewe ukirudi, pitia mtoni. Unanuka kumshinda.”